Nikabu na Usukani: Mwongozo Kamili kwa Dereva wa Kike wa Tanga

Kuanzia Chumbageni hadi Pongwe, mwanamke mwenye nikabu nyuma ya usukani si kioja tena. Anapeleka watoto shule, anafuata mzigo Kange, jioni anashuka Raskazone kupunga upepo. Hata hivyo kila anapopita kuna watu wawili wanaomtazama kwa shaka. Dereva wa lori anajiuliza: huyu ananiona kweli? Mlinzi wa getini anajiuliza: huyu nani? Watu huyachanganya maswali hayo mawili wakabishana mpaka povu likawatoka, kumbe kila moja lina jibu lake. La kuona unalimaliza nyumbani, kwa kupima, kabla hujawasha gari. La kutambulika unalimaliza palepale unapoulizwa, kwa sekunde chache, mbele ya mtu mwenye haki ya kuuliza.

Hata nchi za nje zimeyashika maswali hayo kila moja kwa upande wake. Mwaka 2010 kule Nantes, Ufaransa, dereva mwanamke alitozwa faini ya euro 22 kwa madai kwamba nikabu inamzuia kuona. Ujerumani ilipobadilisha kanuni zake za barabarani mwaka 2017, hoja yao ilikuwa nyingine: dereva asifunike uso hadi asitambulike, maana kamera za barabarani humpiga picha mwenye kosa na lazima ajulikane. Faini yake ni euro 60. Saudi Arabia nako, wanawake waliporuhusiwa rasmi kuendesha magari tarehe 24 Juni 2018, wengi waliingia barabarani na nikabu zao.

Hapa kwetu hakuna sheria inayokataza nikabu barabarani. Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inalinda uhuru wa dini, na ibara ya 30 inaweka mipaka pale usalama wa umma unapohusika. Maana yake ni kwamba jukumu la kuona vizuri limeachwa mikononi mwako, na ukigonga mtu hutamwambia hakimu kwamba kitambaa kiliteleza.

Mwongozo huu ni wa aliyekwisha kuamua kuvaa. Kuvaa au kutovaa ni baina yako na Mola wako, mimi simo. Nafundisha watu kuendesha, basi.

Hatua ya 1: Tenga nikabu ya kuendeshea

Usiingie garini na nikabu yoyote iliyokuwa juu ya kamba. Kuwa na moja ya kuendeshea, ikae garini au kwenye mkoba, na uijue kama unavyolijua gari lako.

Ya kufunga kwa kamba kisogoni ni bora kuliko ya elastiki, kwa sababu unaikaza kadiri unavyotaka. Elastiki ikishafuliwa mara kadhaa inalegea, na ikilegea uwazi wa macho unashuka puani polepole bila wewe kugundua, mpaka ukingo wa juu umefika kwenye kope. Kama huna budi kutumia ya elastiki, ibadilishe mapema.

Uwazi wa macho uwe mpana: ukingo wa juu ulale juu ya nyusi, wa chini ukae chini ya mfupa wa shavu. Nikabu nyingi za dukani zina uzi mwembamba unaopita katikati ya macho kushikilia uwazi usining'inie. Uzi mwembamba hauna neno. Ukiwa mnene kama utepe unakuwa nguzo mbele ya macho, huo ukate, ushone uzi mwembamba mahali pake.

Kitambaa kiwe chepesi kinachopitisha hewa. Joto la Tanga mnalijua, na unyevu wake ndio mbaya zaidi. Kitambaa cha nailoni kikilowa jasho kinanasa puani kila unapovuta pumzi, na dereva anayehangaika na pumzi hatazami barabara.

Halafu lile tabaka la juu, lile jepesi linaloshushwa kufunika hata macho. Hapa sina upole: gari likiwa kwenye mwendo, tabaka hilo liwe limerudishwa nyuma na kubanwa kwa pini. Najua utaniambia unaona vizuri tu. Mchana wa jua kali, barabara nyeupe, ni kweli unaona. Ingia kwenye kivuli cha miembe ghafla, au subiri magharibi lori likuelekee na taa zake, ndipo utajua kitambaa kimekunyang'anya nini.

Hatua ya 2: Pima upana wa kuona

Macho mawili yenye afya, yakitazama mbele bila kugeuka, yanakamata upana wa karibu nyuzi 180, yaani kutoka bega hadi bega. Pembeni kabisa huoni sura wala rangi vizuri, ila unaona kitu kinachosogea. Na kinachosogea pembeni ndicho kinachotutesa sisi wa Tanga: baiskeli, bodaboda, mtoto anayekimbilia mpira. Mji huu ni wa baiskeli tangu enzi za babu zetu, na Ngamiani ni barabara za namba zinazokatana kila baada ya hatua chache. Kila kona kuna mtu anatokea ubavuni.

Kipimo chake hakina gharama. Weka kigoda katikati ya ua, kaa, tazama mbele kwenye alama moja ukutani, nikabu ikiwa bado hujavaa. Mwombe mdogo wako au binti yako asimame nyuma ya bega lako la kulia, umbali wa hatua mbili, akiwa ameshika kanga au kitu chochote cha rangi. Atembee taratibu kuja mbele huku akikitikisa. Ukikiona tu, sema "hapo", naye achore mstari wa chaki aliposimama. Rudieni upande wa kushoto. Macho yasitoke ukutani; ukichungulia unajidanganya mwenyewe.

Sasa vaa nikabu, rudieni yote. Tazama umbali kati ya mistari. Nikabu iliyokaa vizuri, mistari itakaribiana sana. Mstari wa pili ukiwa umesogea mbele hatua nzima au zaidi, nikabu hiyo si ya barabarani. Panua uwazi pembeni kisha upime tena.

Baada ya pembeni, pima chini. Kaa garini, injini imezimwa, tazama mbele kama unaendesha. Bila kuinamisha kichwa, shusha macho tu: unaiona mishale ya dashibodi? Unaona mkono wako kwenye gia? Kitambaa kikipanda juu ya shavu kinakata sehemu hiyo, na dereva huanza kuinamisha kichwa kila anapotaka kujua spidi. Kwenye spidi 50, ambayo ndiyo kikomo maeneo ya makazi, gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Kuinama mara moja na kuinuka umeshapita nyumba.

Hatua ya 3: Geuza shingo

Wengi hupima wakiwa wametulia, wakaridhika, wakaishia hapo. Barabarani hakuna kutulia. Kwa hiyo hatua hii naishikilia kuliko zote.

Vaa mavazi yako yote kama unavyotoka: ushungi, pini, nikabu, buibui. Kaa kwenye siti, funga mkanda, halafu geuza kichwa kulia kama unayetaka kuangalia nje ya dirisha la nyuma. Mara nyingi kinachotokea ni hiki: kichwa kinageuka, kitambaa kinabaki. Ushungi umebanwa begani kwa pini, mkanda nao umeukandamiza kifuani, kwa hiyo nikabu inavutwa kushoto wakati uso unaenda kulia. Jicho la kulia limeingia nyuma ya kitambaa. Umebaki na jicho moja, tena katika ile nukta unayotaka kuhama njia.

Dawa yake ni kubana ushungi kwenye kofia ya ndani, juu ya sikio, si kwenye bega. Nikabu nayo ifungwe juu ya hiyo kofia ya ndani moja kwa moja, ushungi uje juu yake ukiwa na ulegevu wa kutosha shingoni; uweze kupitisha ngumi kati ya kidevu na kitambaa. Halafu mkanda: uinue ushungi, pitisha mkanda chini yake ulale bapa kwenye bega na kifua, ndipo ushushe ushungi juu ya mkanda. Hapo kitambaa kiko huru na mkanda unafanya kazi yake. Ukanda wa chini ulale nyongani, sio juu ya mikunjo ya buibui iliyorundikana tumboni.

Geuza tena kulia, kushoto, kulia. Macho mawili yabaki wazi kila upande. Kama bado kitambaa kinavuta, tafuta pini iliyosahaulika, iko mahali.

Kiti, vioo na miguu

Haya ni mepesi, ila yafanye ukiwa umeshavaa. Dereva aliyerekebisha saitimira akiwa hana nikabu anazikuta haziko sawa akishavaa, kwa sababu kichwa hukaa tofauti kidogo. Kile kibanio kikubwa cha nywele kinachoinua ushungi nyuma kitoe: kinasukuma kichwa mbele, kikakiacha mbali na mto wa siti, na ukigongwa kwa nyuma shingo ndiyo inayolipa. Mikono mipana ya buibui ibane kwa soksi za mikono isije ikanasa kwenye indiketa. Pindo la buibui lisifike chini ya pedali. Ndala vua, ni afadhali kiatu cha mpira chenye kisigino bapa, au peku kuliko ndala.

Upepo, ukungu wa miwani, usiku

Ukishafika barabara kuu ya kwenda Muheza au ile ya Horohoro, dirisha la dereva likiwa wazi upepo unaingia chini ya nikabu na kuipindua hadi machoni. Fungua dirisha la nyuma badala ya la kwako, au bana pindo la chini la nikabu kwenye ushungi kwa pini mbili ndogo. Ikikupindukia ukiwa kwenye mwendo, usikimbilie kuitengeneza kwa mikono miwili. Mkono mmoja unaishusha, mwingine uko kwenye usukani, mguu unatoka kwenye mafuta.

Wenye miwani wana mtihani wao. Pumzi ya moto inapanda kutoka chini ya kitambaa na kuweka ukungu kwenye kioo. Vaa miwani juu ya nikabu, pua yake ikandamize kitambaa ili hewa isipande, na elekeza kiyoyozi usoni badala ya miguuni. Kama haisaidii, nikabu ya leya moja.

Usiku na kwenye mvua ya masika, punguza kila kitu: tabaka moja tu, uwazi mpana, mwendo wa chini. Malori ya saruji ya Pongwe hayakusubiri wewe upate kuona.

Mara ya kwanza kutoka, usianzie Ngamiani saa ya soko. Anza asubuhi ya Jumapili kwenye barabara tulivu za Raskazone, na mtu mzoefu pembeni yako. Kazi yake moja: kila akiona baiskeli au mtu pembeni anakaa kimya, anasubiri kuona kama utataja. Usipotaja, ndipo aseme. Ukimaliza mizunguko miwili bila kukosa, nenda Barabara ya Ishirini.

Kama wewe ni abiria wa bodaboda

Hapa hatari si kuona. Hatari ni kitambaa kirefu karibu na gurudumu linalozunguka. Buibui au mtandio ukiingia kwenye spoku au cheni, unavutwa kwa nguvu ambayo hakuna mkono wa kuizuia, na shingo ikiwa imefungwa kwenye kitambaa hicho, mambo yanaishia vibaya. Kabla ya kupanda, kusanya buibui, ikunje chini ya mapaja, na mkia wa ushungi uingize ndani ya buibui. Vaa suruali ya ndani ukae kwa kutanua miguu. Ule mtindo wa kukaa upande, miguu yote kushoto, unapendeza kwa heshima, lakini tuta moja tu la barabarani linatosha kukushusha.

Elementi ivae juu ya ushungi mwembamba, bila kibanio, na mkanda wake ukamate taya, si kitambaa. Itikise: ikizunguka kichwani ni kubwa. Kwenye bajaji, angalia tu pindo lisining'inie nje.

Na nyinyi vijana wa kijiweni mnaovaa kininja na barakoa kujikinga na vumbi na baridi ya alfajiri: shusha unapomkaribia abiria. Mama anayetafuta usafiri saa kumi na moja alfajiri kwenda Kange ana haki ya kuona uso wa anayembeba. Kama dada yako angetakiwa kupanda na mtu asiyemwona, ungesemaje? Wewe abiria nawe, chukua pikipiki ya kijiwe kinachojulikana, soma namba ya usajili kwa sauti ukiwa unaongea na mtu wa nyumbani kwenye simu. Dereva mwema hachukii.

Trafiki akikusimamisha

Washa indiketa, sogea pembeni taratibu, zima injini, shusha kioo chote, mikono yote miwili iwe juu ya usukani aione. Usianze kupekua mkoba kabla hajafika. Kwa askari, mtu aliyefunika uso anayechakura chini ya siti si picha nzuri.

Muanze wewe. "Asalaam alaykum, afande. Leseni yangu hii hapa. Nimevaa nikabu, kama kuna askari wa kike nitamfunulia anilinganishe na picha." Mara nyingi anayesemeshwa hivyo analainika, kwa sababu umemwondolea kazi ya kuomba jambo linalomtia haya. Akiwepo askari wa kike, fungua. Asipokuwepo, gari lako ndilo pazia lako: geuka upande wa ndani, inua nikabu kwa sekunde tatu au nne, alinganishe, shusha, kwisha. Kubishana kwa nusu saa juani hadi watu wajae kunakuonyesha kwa watu wengi zaidi kuliko kufunua mara moja kwa mmoja.

Mwenye wasiwasi wa kidini, katika fikihi ya Kishafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu Pwani, kutazama uso wa mwanamke kwa ajili ya ushahidi na muamala kumeruhusiwa kwa kadiri ya haja. Mwanamke aliye katika ihramu, tena, hukatazwa kuvaa nikabu. Uliza sheikh wako kabla, usingoje kuulizia barabarani.

Upande wa askari nao una adabu yake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke, na kwa staha. Kuambiwa "mama, naomba nione uso wako nilinganishe na leseni" ni halali. Kuamriwa uvue ushungi wote mbele za watu si halali, na hapo una haki ya kuomba mpelekwe kituoni kwa utulivu.

Getini, benki, mpakani

Watu wa Tanga hawahitaji kuelezwa kwa nini walinzi wana macho makali. Februari 2015 polisi na wanajeshi walipambana na watu wenye silaha katika eneo la mapango ya Amboni, kilomita chache tu kutoka mjini. Mwaka huohuo Chad ilipiga marufuku nikabu na burka mwezi Juni baada ya mabomu ya N'Djamena. Mwezi uliofuata mwanamume aliyejifunika mavazi ya kike alijilipua sokoni katika mji huohuo. Mimi naona funzo lake hivi: marufuku haikumzuia mwenye nia mbaya, ila ukaguzi wa uso kwa uso, unaofanywa na mwanamke mwenzio mlangoni, unaweza. Kwa hiyo usiuchukie, udai.

Benki, fika dirishani au mlangoni useme mapema unataka kuhudumiwa na dada. Kwenye mashine ya kutolea pesa, mwenye elementi avue, mwenye nikabu ategemee mlinzi kumuuliza. Wakati wa picha ya kitambulisho cha NIDA, leseni au pasipoti, uso unatakiwa uwe wazi na ushungi unabaki. Omba mpiga picha mwanamke ukifika tu, kabla foleni haijakufikisha kwenye kiti. Horohoro, maofisa wa Uhamiaji watalinganisha uso na pasipoti, na gari likiwa na familia nzima, ni rahisi kina mama kushuka pamoja na kuomba chumba au ofisa wa kike, kuliko mmoja mmoja dirishani.

Kama safari ni ya mbali zaidi, kanuni za huku haziendi nawe. Ufaransa kufunika uso hadharani kumekatazwa tangu Aprili 2011, na faini inafika euro 150; gari binafsi halihesabiwi kuwa mahali pa hadharani, ila dereva bado anaweza kubanwa kwa kanuni za usalama barabarani. Ubelgiji, Austria na Denmark nako wana sheria zao. Ulizia ubalozini kabla hujalipia tiketi, na kama utakodi gari Ujerumani, mwachie usukani mtu ambaye uso wake uko wazi.